Begi Lina Jina la Nani?



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, leo nataka tuzungumze juu ya chupa moja ya mvinyo, mililita 750, ambayo sikuinunua, sikuilipia wala sikuionja. Niliibeba tu. Au niseme begi lililoandikwa jina langu liliibeba, kutoka Cape Town hadi Nairobi kwa ndege, na kutoka Nairobi hadi kwetu Rubongi kwa basi na boda boda. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naamini wengi wenu mmekutana nalo kwa sura moja au nyingine: mchukuzi ana hisa gani katika mzigo anaouchukua?

Tulikuwa wanafunzi watano tuliokwenda Afrika Kusini kwenye mashindano ya mijadala. Tiketi zetu zilikuwa za bei ya chini, mzigo wa mkononi tu, isipokuwa begi moja kubwa la pamoja la vitabu na mabango ambalo lilipakiwa chini ya ndege. Begi hilo liliandikishwa kwa jina langu, kwa sababu tu mimi ndiye niliyefika wa kwanza kwenye kaunta siku ya kuondoka nyumbani.

Mmoja wetu ni jirani yangu wa Rubongi. Si Muislamu. Tumekua pamoja, tumechunga mbuzi pamoja chini ya Mlima wa Tororo, na baba yake ndiye aliyenilipia ada ya muhula wa mwisho wa sekondari baada ya baba yangu kufariki. Siku moja kabla ya kurudi, alinunua chupa ya mvinyo ili ampelekee mzee wake. Alikuwa amesahau kanuni ya vimiminika. Alipoikumbuka tulikuwa tayari uwanjani, saa moja na nusu kabla ya ndege kuruka. Akanitazama, akalitazama begi kubwa, akasema, "Ndugu yangu, begi ni la sote. Jina tu ndilo lako."

Nilifanya nini? Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilisema, "Mimi naenda chooni. Nikirudi sitaki kujua kilichomo." Niliporudi begi lilikuwa limefungwa. Kwenye kaunta yule dada akaniuliza maswali ambayo kila msafiri anayajua: umelipakia begi hili mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee? Nikajibu ndiyo, nimelipakia mwenyewe. Hapana, hakuna mtu.

Ndugu zangu, maneno hayo mawili, ndiyo na hapana, ndiyo yaliyonikosesha usingizi angani.

Kanuni ya chupa na kanuni ya kilichomo

Kwanza tuielewe hiyo kanuni yenyewe, kwa sababu ina mafunzo. Tarehe 10 Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wamepanga kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa kutumia milipuko ya majimaji iliyofichwa ndani ya chupa za vinywaji baridi. Waliokuja kuhukumiwa walijinasibisha na dini yetu, na kila Muislamu mwenye ndevu au mtandio anayesimamishwa kwenye foleni ya ukaguzi analipa sehemu ya deni lao. Baada ya hapo ilikuja kanuni tunayoijua: kimiminika chochote cha mkononi kiwe kwenye chombo kisichozidi mililita 100, na vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha wa lita moja. Ulaya ilianza kuitumia Novemba 2006, na dunia ikafuata.

Angalieni jinsi kanuni hii inavyofikiri. Haiulizi ni kitu gani. Maji ya kunywa, mafuta ya nazi, maji ya Zamzam na mvinyo, vyote ni kimiminika tu. Tena haiulizi hata kipimo cha kilichomo, inaangalia chombo. Chupa ya mililita 200 yenye tone moja chini itazuiliwa, na chupa ya mililita 100 iliyojaa itapita. Ni kanuni ya chupa.

Sheria yetu inafikiri kinyume chake. Yenyewe inaangalia kilichomo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kinacholevya kikiwa kingi, kichache chake pia ni haramu. Kwa hiyo mililita 100 zinazoruhusiwa na mkaguzi hazina ruhusa kwetu, na kopo la maji linalotupwa na mkaguzi halina ubaya wowote kwetu. Ukivuka lango la ukaguzi umevuka lango moja tu. Kuna lango la pili ambalo halina mashine, na mlinzi wake ni moyo wako.

Lakini kuna jambo moja ambalo malango haya mawili yanakubaliana, nalo ndilo lililonikamata. Yote mawili yanamuuliza mchukuzi. Uwanja wa ndege hauridhiki na jibu la "si changu, nimepewa tu". Kwa watu wa usalama, jibu hilo ndilo la hatari kuliko yote. Jina lililoandikwa kwenye begi ndilo linalowajibika.

Maulamaa wanasemaje?

Kuhusu ulevi wenyewe hakuna mjadala. Aya ya 90 ya Suratul Maida imekwisha kutuamuru tujiepushe nao. Ama kuhusu kubeba, ipo hadithi mashuhuri aliyoipokea Anas bin Malik (r.a.), wakaitoa Tirmidhi na Ibn Majah, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya ulevi. Mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo anayekamua na anayekamuliwa, anayeuza na anayenunua, anayemimina na anayekula thamani yake. Na wamo anayebeba na anayebebewa.

Tukitafakari orodha hiyo tutaona kwamba inakataa kabisa ile hoja ya "mimi nimebeba tu". Ulevi haumfikii mnywaji kwa miguu yake. Unapita mikononi mwa watu wengi, na kila mmoja wao anaweza kumnyooshea kidole anayemfuata na kusema, mwenye dhambi ni yule pale. Hadithi inawasimamisha wote kumi mahali pamoja ili mnyoosheaji wa kidole akose mtu wa kumnyooshea.

Hata hivyo, uadilifu wa elimu unatutaka tuseme kwamba mafakihi hawakusimama kwenye herufi za hadithi peke yake. Imepokewa kutoka kwa Imam Abu Hanifa kwamba Muislamu akiajiriwa kumbebea mvinyo asiyekuwa Muislamu, ujira wake ni halali. Hoja yake ni nzito: kubeba chombo kutoka hapa hadi pale si maasi kwa dhati yake, na kunywa ni kitendo cha mtu mwingine mwenye hiari yake. Mvinyo huohuo huenda ukabebwa ili ukamwagwe, au ugeuke siki. Kwa rai hiyo, laana ya hadithi inamhusu anayebeba kwa nia ya maasi. Lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad ash-Shaybani, hawakumfuata katika jambo hili, wakaliona kuwa ni karaha. Na maulamaa wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi'i ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu Afrika Mashariki, wamekataza kubeba kwa ajili ya kunywewa.

Mimi si mufti, ni mwanafunzi kama ninyi, na fatwa ziulizwe kwa wenyewe. Lakini naona jambo moja ambalo pande zote mbili zinatufundisha: uzito uko kwenye kujua na kukusudia. Siku ulevi ulipoharamishwa Madina, Waislamu walitoa vyombo vyao na kumwaga mpaka njia zikatiririka. Ili kumwaga, lazima mtu alibeba. Mikono ileile, mtungi uleule, lakini nia nyingine. Basi swali la kwanza kwa mchukuzi ni hili: unajua unabeba nini, na unajua kinakwenda wapi kufanya nini?

Mimi nilijua vyote viwili. Kwenda chooni hakukunifanya nisijue. Kulinifanya tu niwe mtu anayejua na kujifanya hajui, na huyo ana mizigo miwili: mzigo wa chupa na mzigo wa uongo. Mtume (s.a.w.) ametupa kipimo chepesi katika hadithi aliyoitoa Imam Muslim: dhambi ni lile linalokukereketa kifuani, ukachukia watu wasije wakalijua. Ndugu zangu, mtu haendi chooni kukikimbia kitu cha halali.

Busia, mji wa wachukuzi

Usiku wa pili tulikuwa kwenye basi la Nairobi, na alfajiri tukashuka Busia. Wengi wenu mnaijua Busia na mnajua kuwa jina la boda boda linasemekana kuzaliwa hukohuko mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha watu na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi nyingine. Huu ni mji unaoishi kwa kubeba. Siku hizi kituo ni kimoja kwa nchi zote mbili, lakini wachukuzi bado ni walewale: wenye baiskeli, wenye pikipiki, kina mama wenye vikapu, na ndugu zetu walemavu wenye baiskeli zao za magurudumu matatu.

Na ulevi ni mzigo wa zamani mpakani hapa. Sheria za pombe za vifuko hazikuwahi kuja pamoja. Tanzania ilipiga marufuku viroba Machi 2017, Uganda ikafuata mwaka 2019, na Kenya ilikuwa imevikataza miaka mingi nyuma yao. Kitu kikikatazwa upande mmoja na kuruhusiwa upande wa pili, mpaka unageuka soko, na anayehitajika zaidi ni mchukuzi. Mara nyingi mchukuzi huyo ni kijana maskini. Naomba tusiwe wepesi wa kumhukumu. Anayebeba katoni asiyojua kilichomo, na anayebeba akijua kwa kuwa watoto wamelala njaa, na mwanafunzi wa chuo kikuu anayebeba kwa sababu ameona haya kusema hapana, hawa si watu wa daraja moja. Wa tatu ndiye mwenye udhuru mchache kuliko wote, na wa tatu ni mimi.

Pale forodhani nilijifunza jambo jingine. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo bila ushuru, kwa matumizi yake mwenyewe. Wenzetu wasio Waislamu wanaijua hesabu hii. Ndiyo maana tunaposafiri nao tunasikia ule utani: "Ninyi Waislamu hamnywi, nafasi yenu inaharibika bure, tusaidieni." Unasikika kama ombi dogo la kirafiki. Lakini tazama unaombwa nini. Unaombwa useme mbele ya afisa kwamba mvinyo huu ni wako, wa kunywa wewe. Ukiwa Muislamu umejishuhudia ulevi usiokunywa, na ukiwa raia umeidanganya serikali. Hata kama ungeishika ile rai ya Abu Hanifa kwa mikono miwili, haikuruhusu kusema uongo.

Siku ile afisa hakutuuliza kitu. Aliangalia mabango yetu, akacheka, akatupisha. Nilitamani angeuliza.

Hoja ya deni

Sasa nije kwenye hoja iliyo ngumu kuliko zote, kwa sababu najua msomaji anajisemea: lakini huyo mzee alikulipia ada. Je, Uislamu unakufundisha utovu wa shukrani?

Hapana. Aya ya 8 ya Suratul Mumtahina inatuelekeza kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Na katika Suratu Luqman, aya ya 15, tunafundishwa kwamba hata wazazi wakikushurutisha umshirikishe Mwenyezi Mungu usiwatii katika hilo, lakini kaa nao duniani kwa wema. Kukataa jambo na kuwa mwema kwa anayeliomba vimewekwa ndani ya aya moja. Sisi ndio tunaovitenganisha: mmoja wetu anakataa kwa ukali na kujiona mcha Mungu, mwingine anakubali kwa unyonge na kujiona mwema.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliwahi kuletewa kiriba cha mvinyo kama zawadi. Imam Muslim ameipokea habari hiyo kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.). Hakumfokea aliyeleta. Alimuuliza kama anajua kwamba umeharamishwa, na yule mtu hakuwa akijua. Alipomnong'oneza mtu mwingine auuze, Mtume (s.a.w.) akamfahamisha kwamba Aliyeharamisha kuunywa ameharamisha na kuuuza, na yule mtu akaufungua kiriba mwenyewe ukamwagika. Ndugu zangu, hapo hakuna matusi wala kukwepa. Kuna swali, na kuna ukweli uliosemwa waziwazi.

Nawaambieni sasa yaliyotokea Rubongi. Jioni ile nilikwenda kumsalimia yule mzee. Chupa ilikuwa mezani. Mwanawe, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemwambia, "Huyu ndiye aliyeibeba." Mzee alinyamaza kitambo, akainuka, akaichukua ile chupa na kuipeleka chumbani. Aliporudi aliniambia, "Mwanangu, marehemu baba yako alipokuwa akija hapa, mtungi wa kongo ulikuwa unatolewa nje kabla hajaingia, na mirija yake yote. Hakuniomba hata siku moja. Nilikuwa najua tu." Kisha akaniuliza habari za safari.

Kongo, kwa wasiojua, ni pombe yetu ya ulezi, ambayo wazee huizunguka mtungini kwa mirija mirefu. Kwa Mjopadhola kuutoa mtungi nje kwa ajili ya mgeni si jambo dogo. Mzee yule asiye Muislamu aliichunga dini ya baba yangu kwa miaka yote hiyo, na mimi nilishindwa kuichunga ya kwangu kwa dakika tano uwanjani. Nilidhani ninalinda heshima yake kwa kutosema hapana. Kumbe heshima yenyewe ilikuwa imejengwa juu ya hapana ya baba yangu.

Ningefanya nini?

Nimeulizwa na wenzangu: basi ulipaswa kufanya nini, umwache ndugu yako atupe chupa ya pesa yake kwenye pipa? Jibu nililolipata baadaye limo ndani ya maneno yake mwenyewe. Begi ni la sote, jina tu ndilo langu. Ilikuwa kweli. Basi ningemwambia: una haki katika begi hili kama mimi, liandikishe kwa jina lako, ujibu maswali wewe, na huko forodhani usimame nalo wewe. Vitabu vyangu nitavitoa nivibebe mkononi.

Mtu atasema hiyo ni hila. Sidhani. Hila ni kubadilisha jina huku ukibaki na jambo. Hapa kingebadilika ndicho hasa kinachoulizwa, yaani nani anabeba na nani anajibu. Chupa yake ingesafiri na mimi ndege moja, kama tunavyopanda basi moja na mlevi na kukaa kijiji kimoja na mtungi. Kuwa jirani wa haramu si kuibeba. Hatukuamrishwa kuihama dunia, tumeamrishwa tusiweke mikono yetu na majina yetu katika lile tulilokatazwa.

Tena ningelisema mapema. Hapana inayosemwa wiki moja kabla ya safari, kwa tabasamu, ni nyepesi kama karatasi. Hapana ileile mbele ya kaunta, saa imekwisha na watu wanasukumana, ni nzito kama jiwe. Wengi wetu hatuanguki kwa kukosa imani, tunaanguka kwa kuchelewa kusema. Tukipanga safari na wenzetu, wajue tangu mwanzo tunachokibeba na tusichokibeba, kama wanavyojua nyakati zetu za swala.

Na si mvinyo tu. Kesho utaombwa kutia saini mahudhurio ya asiyekuwepo, kupitisha risiti isiyo ya kweli katika ofisi ya chama, kusambaza maneno ambayo hukuyathibitisha. Kila mara utaambiwa kwamba hufanyi kitu, unapitisha tu. Kumbuka begi. Siku ya Kiyama kila mtu atakuja na mzigo wake, na hatapatikana wa kumbebea mwenzake.

Yule rafiki yangu nimekwisha kumwambia yote haya, na tumecheka. Alisema, "Ungesema tu." Ndilo jambo nililolikosa.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atujaalie ndimi zenye kusema kweli kwa upole, atusamehe tuliyoyabeba kwa kujua na kwa kujifanya hatujui, na amrehemu kila mzazi aliyetuachia jina jema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.